Rubani wa ridhaa hufundishwa na nani mwalimu akishashuka?

Ukitoka Zambia kwa gari na kuingia Kongo kupitia Kasumbalesa, kuna kipande kifupi cha barabara ambapo upande wa kuendesha unabadilika. Zambia wanaendesha kushoto, sisi kulia. Kichwa kinajua: kimesoma kibao, kimeona lori la mbele likihama. Mikono ndiyo haijui. Niliwahi kupanda na dereva aliyevuka mpaka huo kwa miaka mingi. Asubuhi moja tulitoka kwenye kituo cha mafuta upande wetu, barabara tupu, hakuna gari la kumkumbusha. Akashika kushoto na kwenda hivyo kama mita mia mbili huku akinisimulia mechi ya Mazembe. Hakuna lililotokea. Sidhani kama hata alijua.

Naanza na gari kwa sababu Lubumbashi wengi wetu tunaijua barabara kuliko anga. Lakini swali langu ni la ndege, au ndeke kama tunavyosema mtaani. Mtu anayerusha ndege ndogo kwa mapenzi yake, au kwa safari zake za shamba na biashara, bila kulipwa kwa kurusha, yale anayoyafanya kila siku akiwa angani ameyatoa wapi? Jibu la haraka ni shuleni. Ni jibu la kweli kwa sehemu ndogo tu. Sehemu iliyobaki ndiyo inayonishughulisha, maana nimeibeba mikononi mwangu kwa miaka kadhaa kabla ya mtu kunionyesha.

Tuanze na hesabu. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, linataka mtu awe ameruka angalau saa 40 kabla ya kupewa leseni ya rubani binafsi. Akisoma katika mafunzo yaliyoidhinishwa, zinaweza kupungua hadi 35. Kati ya hizo, angalau 10 awe peke yake akisimamiwa. Wengi huchukua zaidi, lakini hata tukiongeza, saa 40 ni juma moja la mtu wa ofisini. Ndani ya juma hilo afundishwe kupaa, kutua, kugeuka, kuongea na mnara, kusoma ramani, kusoma mawingu, na kuteremka salama injini ikizimika. Kisha mtihani, kisha karatasi, kisha miaka ishirini ya kuruka na kiti cha pembeni kikiwa na shemeji yake au gunia la mahindi.

Kiti hicho cha pembeni ndicho kilichokuwa cha mwalimu, na kazi yake kubwa haiandikwi kwenye ratiba yoyote: alikuwa anajibu hapohapo. Mwendo ukishuka kidogo, anagonga kioo cha kipimo kwa kidole. Mguu ukilala kwenye pedali, anasema "mguu." Hasubiri hata sekunde mbili. Akishashuka, anayebaki kukujibu ni anga, na anga ni mwalimu anayechelewa sana kurudisha madaftari. Mengine harudishi kabisa. Ukiondoka bila kupima mafuta kwa kijiti, utafika. Kesho hivyohivyo, utafika. Mara ya hamsini utafika tena, na kufikia hapo jambo hilo hutaliita kosa. Utaliita uzoefu.

Njiwa sandukuni

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, B. F. Skinner, alichapisha jaribio dogo ambalo kwangu linaeleza marubani wa ridhaa kuliko vitabu vingi vya urubani. Alichukua njiwa wanane wenye njaa, akamweka kila mmoja ndani ya sanduku, na chakula kikawa kinatokea kila baada ya muda uleule, njiwa afanye nini au asifanye. Njiwa hakutakiwa kufanya lolote. Lakini sita kati yao walijitungia kila mmoja mchezo wake. Mmoja alizunguka sanduku kinyume cha mwendo wa saa, mwingine alikuwa akisukuma kichwa kwenye kona ya juu, wengine wakawa wanayumba huku na huko. Kile ambacho njiwa alikuwa akikifanya, kwa bahati tu, chakula kilipotokea, ndicho alichorudia. Na kwa kuwa chakula kilikuwa kinakuja vyovyote vile, aliona mchezo wake unafanya kazi.

Kutua salama ndicho chakula cha rubani. Ndege ndogo za kufundishia zimeundwa zisamehe, kwa hiyo chakula kinakuja karibu kila safari, na chochote ulichokuwa ukikifanya dakika mbili kabla kinapata tuzo: chema, kibaya, na kile kisicho na maana yoyote. Mikono haichambui.

Chukua tabia moja iliyoenea kuliko zote, ya kuja kutua kwa mwendo wa ziada. Mtu aliyeogopa kupungukiwa na mwendo anaongeza noti tano (noti ni kipimo cha mwendo wa ndege), halafu siku ya upepo anaongeza tano nyingine, kisha upepo unatulia na nyongeza inabaki. Akitumia uwanja wa Luano, hapa Lubumbashi, hatajua kamwe kwamba ana tatizo. Lami ya Luano ina zaidi ya kilomita tatu. Ndege kama Cessna 172 inahitaji mita mia chache tu kugusa na kusimama, kwa hiyo yeye anaelea, anaelea, anagusa mbali kidogo, na bado mbele yake kuna lami ya kuwatosha wengine. Njiwa amekula. Tabia hiyo itajibiwa siku atakayokwenda kutua kwenye kiwanja cha udongo cha mita 700 chenye miti mwishoni, na itajibiwa kwa sauti kubwa.

Hapa natofautiana na wanaosema tabia mbaya za marubani zinatokana na uvivu au kiburi. Wapo wavivu, na wenye kiburi nimewaona. Lakini niliowaona wakija na mwendo wa ziada walikuwa watu waangalifu. Nyongeza yao ilizaliwa na uangalifu, ikalelewa na lami ndefu.

Kivulini, chini ya bawa

Chanzo cha pili ni mazungumzo. Kila mahali penye ndege mbili na mti mmoja, marubani watakaa kivulini na kupeana elimu ambayo hakuna anayeikagua. Mimi nilisomea pwani ya Afrika Kusini, karibu kabisa na usawa wa bahari, nikarudi nyumbani na karatasi yangu mpya. Huku nikamkuta mzee mmoja ambaye sote tulimwita Vieux, aliyeruka maporini kabla mimi sijazaliwa. Siku ya kwanza niliwasha injini, nikaipeleka ndege mpaka mahali pa kufanyia ukaguzi, nikaongeza gesi, injini ikakohoa kama mtu aliyepaliwa. Nilitaka kuzima na kumwita fundi.

"Petit," akasema, "hewa ya huku nyepesi. Unaimwagia petroli nyingi, hewa ya kuiunguza haina. Vuta kidogo."

Nikavuta mkono wa mchanganyiko kidogo. Mshale wa mizunguko ukapanda, kikohozi kikakata.

Maelezo yake ni haya. Injini ya ndege ndogo inachanganya petroli na hewa kwa uwiano. Ukipanda juu hewa inapungua, petroli isipopunguzwa nayo, mchanganyiko unakuwa mzito, nguvu inashuka, na plagi zinaanza kushika uchafu. Pwani nilifundishwa kusukuma mkono huo mpaka mwisho kabla ya kupaa, kila mara, bila kufikiri, na pwani hilo ni sahihi kabisa. Hapa Luano tuko mita 1,309 juu ya usawa wa bahari. Kilichonitia aibu ni kwamba mwongozo wa ndege ile ulikuwa na sentensi hiyohiyo: ukiwa juu ya futi 3,000, yaani kama mita 900, punguza mchanganyiko mpaka upate mizunguko ya juu kabisa. Nilikuwa nimeisoma. Niliisoma jinsi mtu wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, anavyosoma maelekezo ya kuendesha gari kwenye theluji.

Kwa hiyo kivuli kinafundisha, na mara nyingine kinafundisha lile ambalo shule ililipita haraka. Tatizo ni kwamba hakitenganishi mchele na chuya. Alasiri ileile nilitoa orodha yangu ya ukaguzi, ile karatasi unayosoma mstari kwa mstari kabla ya kuwasha, na Vieux akacheka. Karatasi, akasema, ni ya mtu asiyeijua ndege yake. Yeye alikuwa anapita kwa mikono, kutoka kushoto kwenda kulia, akigusa kila kitu. Ilikuwa inapendeza kumtazama, na mimi, baada ya lile la injini, ningepinga kwa lipi? Huku kwetu mkubwa akikuokoa mara moja, humwambii mara ya pili kwamba hapa baba umekosea. Karatasi ikaingia mfukoni na kukaa humo karibu mwaka mzima.

Baadaye ndipo niliposoma karatasi hiyo ilitoka wapi. Tarehe 30 Oktoba 1935, huko Wright Field katika jimbo la Ohio, kampuni ya Boeing ilikuwa ikilionyesha jeshi la Marekani ndege yake mpya kubwa, Model 299. Aliyeshika usukani alikuwa Meja Ployer Hill, rubani wa majaribio wa jeshi, mtu wa daraja la juu kabisa katika kazi hiyo. Ndege ilipaa, ikanyanyua pua kupita kiasi, ikaanguka na kuwaka moto. Hill akafa, na rubani wa majaribio wa Boeing, Leslie Tower, naye akafa baadaye kwa majeraha. Injini zilikuwa nzima. Kufuli linalozuia usukani wa mkiani usichezwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa lilikuwa halijafunguliwa. Ndipo marubani wa jeshi wakaanza kuandika orodha. Iliandikwa kwa sababu ya mtu aliyeijua ndege, si kwa ajili ya mgeni.

Jicho la pwani

Ningependa kukaa zaidi kwenye jambo hili la mazoea ya pwani, kwa sababu ndilo linaloonyesha kwamba tabia inaweza kuwa njema kabisa na bado ikakuua ukibadilisha mahali, kama mikono ya yule dereva wa Kasumbalesa.

Kipima mwendo cha ndege hakipimi jinsi unavyoipita ardhi. Kinapima msukumo wa hewa inayokupiga usoni. Hewa ikiwa nyepesi, lazima uende haraka zaidi ili ikupige kwa nguvu ileile. Bawa nalo linahitaji msukumo huohuo, kwa hiyo kwa bawa kipimo kinasema kweli: noti 65 pwani na noti 65 Lubumbashi ni sawa. Kwa jicho si sawa hata kidogo.

Chukua alasiri ya Oktoba hapa mjini, joto likiwa nyuzi 32. Kwenye mwinuko wetu, vipimo vya kawaida vya hewa vinategemea nyuzi kama 6 na nusu tu. Joto la ziada linaifanya hewa iwe nyepesi kana kwamba uwanja umepandishwa hadi mita 2,200 hivi. Injini isiyo na taabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, inakuwa imepoteza zaidi ya moja ya tano ya nguvu yake. Na ile noti 65 kwenye kipimo, ambayo pwani ni kama kilomita 120 kwa saa, hapa juu ya lami ni karibu kilomita 134. Goma, ambako uwanja uko juu ya mita 1,500, na Kavumu ya Bukavu, juu ya mita 1,700, hesabu inazidi kupanda, ingawa joto lao ni la chini kuliko letu.

Sasa mtazame rubani aliyejifunza kutua kwa jicho. Hakuna aliyemfundisha hilo. Alitua mara mia mbili pwani, na jicho likajifunzia lenyewe jinsi majani yanavyokimbia pembeni mwa lami mwendo ukiwa sahihi. Anafika Luano. Majani yanakimbia mno. Jicho linasema, unakwenda haraka. Mkono unavuta pua kidogo, kabla kichwa hakijaulizwa. Mwendo wa kweli kwa bawa unashuka chini ya unaotakiwa. Yeye anajisikia vizuri, maana sasa majani yanakimbia kama nyumbani.

Jambo hilohilo linatokea kwenye kona ya mwisho kabla ya kuelekea lami, na hapo ni hatari zaidi. Upana wa kona unakua kwa mraba wa mwendo. Ukienda haraka kwa asilimia 12, kona yako inapanuka kwa kama robo nzima. Rubani wetu anaanza kugeuka pale anapoanza siku zote, kwa mazoea, na kona inampitisha. Lami inabaki pembeni. Ulalo wa ndege anaogopa kuuongeza, kwa kuwa aliambiwa asilaze ndege sana akiwa karibu na ardhi, na aliambiwa kweli: ukilaza nyuzi 60 huku ukishikilia kimo, mwendo wa chini kabisa ambao bawa linaweza kubebea unapanda kwa zaidi ya mara 1.4. Basi anatumia mguu. Anakanyaga pedali kuivuta pua iangalie lami, bila kulaza zaidi, na huku anavuta usukani kidogo kwa sababu pua inazama.

Bawa hubeba kwa kuwa hewa inapita juu yake ikiwa imeshikamana nalo. Ukivuta pua kupita kiasi, hewa inabanduka na bawa linaacha kubeba. Katika kona ya kukanyagwa kwa mguu namna ile, bawa la ndani linaacha kwanza, la nje bado linabeba, na ndege inageuka na kuzunguka kama pia. Juu, mita elfu moja, unafundishwa kutoka humo na unatoka. Kwenye kona ya mwisho uko mita 150, pengine pungufu. Hakuna nafasi.

Angalia sasa kila kipande cha tabia yake peke yake. Kuanza kona pale pale kila mara ni usahihi. Kutolaza sana karibu na ardhi ni tahadhari aliyofundishwa. Kutazama nje badala ya vipimo ni jambo ambalo kila mwalimu hulisisitiza. Ni mafunzo matatu mazuri yaliyobebwa kutoka pwani bila kupimwa upya.

Vijana wa skrini

Chanzo kipya kuliko vyote ni kompyuta. Siku hizi anayekuja kuulizia urubani kwetu tayari "ameruka" saa mia tano chumbani, umeme ukiwepo. Wazee wanawacheka. Mimi siwacheki tena. Wanajua alfabeti ya redio, wanajua mpangilio wa mzunguko wa uwanja, wanajua kusoma kiwambo ambacho Vieux angekiona kama televisheni. Programu ya kwanza ya Microsoft ya kuigiza urubani ilitoka mwaka 1982, kwa hiyo kuna watu wazima wenye wajukuu walioanzia huko.

Lakini skrini nayo ina tuzo zake. Haina uzito wa kiti, kwa hiyo mwili haujifunzi kuhisi ndege ikiteleza pembeni. Wengi huicheza bila pedali, kwa hiyo miguu haipo kabisa. Wakipanda ndege ya kweli wanaweka miguu sakafuni kama abiria. Macho yanaganda ndani kwenye vipimo, kwani chumbani huko ndiko kulikokuwa na habari, dirisha lilikuwa picha tu. Na kuna kitufe cha kuanza upya. Sijui namna ya kueleza ubaya wa kitufe hicho isipokuwa hivi: kinamfundisha mtu kwamba njia iliyoharibika inaweza kuendelezwa mpaka mwisho ili kuona itakuwaje. Kwenye ndege, njia ya kutua ikiharibika, unaongeza gesi na kupanda tena mapema. Kijana wa skrini anasubiri aone.

Kuna mahali pamoja ambapo skrini inawashinda wazee, na ni ndani ya wingu. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwachukua marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vipimo, wakawazuia wasione nje wakiwa ndani ya ndege halisi, na kupima muda mpaka ndege iwashinde. Wastani ulikuwa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu. Sikio la ndani, linalotuambia tumesimama wima au tumeinama, linadanganyika katika kona ya polepole: baada ya muda linasema uko sawa wakati umelala. Mtu anayeuamini mwili wake anaifuata sauti hiyo mpaka chini. Kwetu, kuanzia Novemba hadi karibu Aprili, asubuhi inaweza kuwa safi na alasiri mbingu zikafunga kuelekea Likasi kabla hujamaliza kunywa chai. Tabia ya kupita chini ya wingu kidogo, kisha chini kidogo tena, ni ya njiwa kabisa: imekulipa kila siku mpaka leo. Kijana aliyezoea kuganda kwenye vipimo, akiteleza ndani ya wingu, ana nafasi kuliko mimi niliyesifiwa kwa kutazama nje. Heri, bila shaka, asiingie.

Kidole cha kugonga kioo

Je, tabia zikishaota zinaonekanaje na mwenye nazo? Kwa shida sana. Ndiyo maana nchi nyingi zimeweka sheria za kumrudisha mtu kando ya mwalimu. Marekani, kila baada ya miezi 24, rubani lazima akae na mwalimu angalau saa moja darasani na saa moja angani. Ulaya, anayehuisha cheti chake cha ndege ya injini moja kwa kutegemea saa alizoruka lazima ndani yake awe na mafunzo ya saa moja na mwalimu. Ukitaka kubeba abiria, uwe umepaa na kutua mara tatu ndani ya siku 90. Hili la mwisho, nionavyo mimi, linapima kama mkono bado una mazoea. Halisemi mazoea hayo ni ya namna gani.

Kingine kinachosaidia ni kukiri bila kuadhibiwa. NASA inaendesha tangu mwaka 1976 mfumo ambao rubani anaandika kosa lake, jina linaondolewa, na wengine wanasoma. Huo ni uleule mti na kivuli, isipokuwa umepata mtu wa kuchambua. Kivulini kwetu tunasimulia jinsi tulivyonusurika, na msikilizaji mdogo anasikia kwamba jambo linawezekana.

Mimi kilichonifumbua macho ni simu. Niliifunga nyuma ya bega langu, nikajirekodi nikitua mara kumi. Nilitarajia kuona kona zangu. Nilichoona kwanza ni mguu wangu wa kulia ukiwa umelala, mara tisa kati ya kumi, na mimi ningeapa mbele ya mama yangu kwamba ninautumia. Cha pili sikukielewa. Kila mara kabla ya kuwasha, mkono wangu ulikwenda kwenye kipimo cha mafuta na kukigonga kwa ukucha, mara mbili. Sikukumbuka kujifunza hilo. Hakuna orodha yenye mstari huo.

Nikamuuliza Vieux, maana nilijua ni lake. Akafikiri kidogo. Akasema aliyemfundisha yeye, zamani, alikuwa na ndege ambayo mshale wa mafuta ulikuwa ukikwama upande wa kujaa. Ukigonga mara mbili unashuka na kusema ukweli. Ndege ile ilikuwa imeshakatwa chuma chakavu kabla ya mimi kwenda shule ya msingi.

Miezi michache baadaye nilikaa na mwalimu kwa ukaguzi wangu, mama mmoja mpole mwenye saa nyingi kuliko sote, katika ndege mpya kuliko niliyoizoea. Nilitoa karatasi yangu, nikaisoma mstari kwa mstari, mguu wa kulia nikauweka tayari ili auone. Kabla ya kuwasha akanishika kifundo cha mkono.

"Mwanangu, unagonga nini hapo?"

Nikatazama. Ukucha wangu ulikuwa juu ya kioo cha kiwambo, mahali ambapo kiasi cha mafuta kilikuwa kimechorwa kwa rangi. Mshale wa kukwama haukuwepo.